Maelezo ya Mchoro wa Nne

Amri ilitoka juu, na kama amri zote za juu, ilishuka ikiwa imekunja uso. Kufikia ufunguzi wa muhula, masomo yote yaliyowekwa kwenye mtandao wa chuo yawe yanamfikia kila mwanafunzi, anayeona na asiyeona, anayesikia na asiyesikia. Video ziwe na maandishi chini yake. Vitabu visiwe kurasa zilizopigwa picha kwa simu, kidole gumba cha mhadhiri kikionekana pembeni. Na kila mchoro uwe na maelezo ya maneno, yaandikwe kwenye kisanduku kidogo kilichofichwa nyuma yake. Ukimaliza, programu ya ukaguzi inapita. Ikiridhika inakupa tiki ya kijani, isiporidhika inakupa nyekundu, na habari zako zinakwenda kwa mkuu wa idara.

Bwana Mabomba aliipokea amri hiyo kama mtu aliyebishiwa hodi akiwa bafuni.

Jina hilo alipewa na wanafunzi. Alifundisha maji safi kwa watu wa afya ya jamii: visima, matangi, mabomba, vyoo, na jinsi kimoja kinavyoweza kumuua mtu kupitia kingine. Alikuwa mwalimu mzuri, tusimnyime haki yake. Lakini alikuwa mwalimu wa kidole. Hakuwa na sentensi isiyo na "hapa" na "pale." "Maji yanatoka hapa, yanapita hivi, yanaishia pale," naye anagonga ubao kwa rula. Hata maandishi yake yalikuwa hivyo hivyo: aya mbili za maneno, halafu "kama inavyoonekana kwenye mchoro," halafu mchoro wenyewe, aliouchora kwa mkono wake na kuupenda kuliko alivyowapenda binadamu wengi.

Amri ilimkuta pabaya pia. Mama yake alikuwa amepigwa na kiharusi. Alitoka hospitali upande mmoja umelala, mdomo umekwenda pembeni, hawezi kutamka neno. Alilazwa chumba cha nyuma nyumbani kwa Bwana Mabomba, kitanda kimesogezwa dirishani apate hewa. Mchana alikuwa na binti yake, dada mkubwa wa Bwana Mabomba, fundi cherehani, aliyehamishia cherehani yake ukumbini ili awe karibu. Jioni dada alirudi kwa watoto wake, na zamu ikawa ya mwana: kumgeuza mama, kumfuta, kumbadilisha shuka, kumlisha kijiko kimoja kimoja na kungoja ameze. Kazini hakumwambia mtu. Mwanamume mzima, mwenye shahada tatu, aseme kwamba anashinda kwenye beseni na matambara? Alisema tu kwamba ana mgonjwa nyumbani, basi.

Kwa hiyo visanduku alivijazia pale pale, kwenye kiti cha plastiki kando ya kitanda, kompyuta magotini. Aliandika kwa vidole viwili huku akijisemea kila neno kwa mnong'ono, kama ilivyokuwa kawaida yake. Ofisini walimtania sana kwa tabia hiyo. Walisema ukitaka kujua maswali ya mtihani, huna haja ya kuiba karatasi, omba tu kiti jirani na meza yake.

Kisanduku cha kwanza alikiacha kitupu. Nyekundu. Akaandika "Picha." Kijani. Akacheka peke yake, kumbe ndiyo hii kazi iliyotangazwa kwa mbwembwe zote zile? Cha pili akaandika tena "Picha," programu ikagoma, haitaki maneno yanayojirudia. Ikabidi awe mbunifu. "Huu ni mchoro, na aliyeuchora amechoka." Kijani. "Mwenye shida aniulize mwenyewe." Kijani. "Wakubwa wanakaa ofisini kubuni kazi za wenzao." Kijani, tena kijani iliyokolea. Programu ilitaka maneno tu, haikujali ni maneno gani. Kichwani mwa Bwana Mabomba visanduku vile vilikuwa vya programu, na programu haina shoga wa kumpelekea umbea.

Siku zilivyokwenda, mzaha ukaisha yakabaki ya moyoni. "Jana mama hakulala, na mimi sikulala." "Dada anasema zamu yangu ndiyo rahisi. Aje ajaribu." Alipata mahali pa kutapika nyongo yake bila kuulizwa na mtu, na ukweli ni kwamba alijisikia nafuu. Akafika mchoro wa nne, wa kisima na choo, jioni moja mbaya ambayo shuka zilibadilishwa mpaka zikaisha kabatini. Alichoandika hapo sitakitaja sasa. Atakisema mwenyewe.

Somo lake lilitoka kijani kutoka juu mpaka chini. Kwenye kikao cha idara mkuu wa idara, mama mmoja wa miwani mipana asiyependa maneno mengi, alilionyesha ukutani somo hilo kama mfano. Wenzake wakapiga makofi. Bwana Mabomba alisimama, akashika kifua, akainama kidogo. "Ni kujituma tu," alisema.

Kwenye darasa lake alikuwemo binti mmoja asiyeona. Alikaa kiti cha mbele, fimbo yake nyeupe ameikunja mapajani, kisikizi kimoja sikioni na sikio la pili amemwachia mwalimu. Alicheka penye kuchekesha na kuuliza maswali ya maana. Bwana Mabomba alimpenda, kwa namna ile ya kumpenda mtu usiyemfikiria hata kidogo. Aliendelea kugonga ubao: hapa, hivi, pale.

Mtihani ulikuja na swali lake zito: "Ukirejelea mchoro wa nne, eleza utachimba kisima upande gani, na kwa nini." Binti alichimba kisima bondeni, choo kikiwa juu yake mteremkoni. Kwa maneno mengine, alikinywesha kijiji kizima choo chake. Bwana Mabomba aliposahihisha alikasirika, maana jambo hilo alilirudia darasani mpaka sauti ikamkauka. Akaandika pembeni kwa wino mwekundu: "Hongera, umeua watu wote!"

Binti akaanguka somo. Na somo lile halikuwa la kuanguka. Wanaoanguka hawaendi kwenye mafunzo ya vitendo, na asiyekwenda mafunzo anatolewa kwenye kozi. Akakata rufaa, akasema michoro haikumfikia.

"Nimemwambia binti aliyekuja kulalamika kwamba somo lako ndilo mfano wa idara," mkuu wa idara alimwambia Bwana Mabomba kwenye simu. "Njoo mchana na kompyuta yako. Tutausikiliza huo mchoro wa nne sote watatu, yaishe."

"Yataisha tu, mama," alijibu Bwana Mabomba, na wala hakujishughulisha kuufungua. Alikuwa ameshasahau alichoandika, kama mtu anavyosahau alichokitupa jalalani.

Alimkuta binti amekaa kwenye benchi la korido, mapema kuliko saa yake.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Umenijuaje?"

"Funguo zako. Unazichezea ukitembea." Binti alitabasamu. Halafu akauliza kwa upole, kama watu wanavyoulizana, "Mama anaendeleaje?"

Bwana Mabomba akasimama. "Mama yupi?" Swali la kijinga, lakini ndilo lililomtoka.

"Mama yako, mwalimu. Kuna mchoro ulisema hakulala. Nikawa namwombea."

Kulikuwa na mfagizi mwisho wa korido, akisukuma maji kwa mpira. Bwana Mabomba alimtazama mpaka akapotea kwenye kona. 

"Simu yako inakusomea... vile visanduku?"

"Ndivyo ninavyovipata mimi, mwalimu. Wenzangu wakifika kwenye mchoro wanauona. Mimi nikifika hapo nasomewa kisanduku."

"Sasa kwa nini hukuja kuniambia?"

"Nilikuja. Mara ya kwanza ulisema una haraka. Mara ya pili ulisema kila kitu kimo mtandaoni, niache uvivu nikasome."

Alikumbuka. Kilichomkata maini ni kwamba alikumbuka mpaka shati alilovaa siku ile, na mlango alioufunga yeye huku binti bado anatafuta kizingiti kwa fimbo.

"Na mchoro wa nne?" aliuliza.

Binti akainamisha kichwa. "Ule sitausoma mbele ya watu. Usiwe na wasiwasi. Nitasema sikuelewa, basi. Mama ni mama, mwalimu, hayo yabaki hapa hapa."

Bwana Mabomba aliingia ofisini kwake akajifungia. Alifungua mchoro wa nne, akafungua kisanduku. Midomo ikaanza kunong'ona kama kawaida, na neno la tatu lilipofika akajiziba kwa kiganja. Aibu ilimvaa mwili mzima. Alimwonea aibu mama, akamwonea aibu dada, lakini zaidi ya wote alimwonea aibu yule binti, aliyesoma kwa bidii usiku na mchana akitafuta kisima, akakutana na taka za moyo wa mtu mzima. Na bado akamwombea mgonjwa wake.

Mtu mwenye aibu kama hiyo ungetegemea aende moja kwa moja kwa mkuu wa idara aseme ukweli. Hakwenda. Alifanya walichofanya wengi kabla yake: alifuta. Akafuta sentensi zote za kisanduku kile, akakaa, akaanza kuandika maelezo ya kweli. Alijiambia anamsitiri mama. Uongo mtupu, alikuwa anajisitiri yeye.

Haikuwa rahisi mwanzoni, kwa sababu kila sentensi ilitaka "hapa." Akajikaza, akaandika: "Mlima uko kushoto, bonde liko kulia. Choo kiko katikati ya mteremko. Maji yaliyo chini ya ardhi yanafuata mteremko, yanatoka mlimani kwenda bondeni, yakipita chini ya choo na kubeba uchafu. Kisima kimechorwa juu ya choo, upande wa mlima, mbali nacho." Akahifadhi. Programu ikampa kijani ile ile ya siku zote. Kazi yenyewe ilichukua muda mfupi kuliko kuchemsha birika la chai, na jambo hilo lilimuuma kuliko mengine yote.

Ofisi ya mkuu wa idara ilikuwa na meza moja ndefu, feni inayokoroma na dirisha lisilofunga vizuri. Binti alikaa upande mmoja, Bwana Mabomba upande wa pili, kompyuta katikati.

"Haya," alisema mkuu wa idara, akabonyeza.

Sauti ya mashine ikasoma. Mlima uko kushoto, bonde liko kulia. Choo kiko katikati ya mteremko. Ilisoma taratibu, bila haya, mpaka mwisho. Binti aliyekuwa ameinama akainua kichwa. Mkono wake ukaenda kwenye simu iliyokuwa mapajani, ukaishika, ukatulia.

"Umesikia, mwanangu?"

"Nimesikia, mama."

"Umeelewa?"

"Nimeelewa. Kwa maelezo haya kisima nitakichimba juu ya choo, upande wa mlimani, kwa sababu uchafu unashuka pamoja na maji."

"Jibu zuri kabisa. Sasa mbona kwenye mtihani ulichimba chini?"

Binti aligeuza kichwa. Uso wake ulielekea upande aliokaa Bwana Mabomba, na Bwana Mabomba, ambaye hakuna aliyekuwa anamtazama wakati ule, alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Labda sikusikiliza vizuri," binti alisema.

Mkuu wa idara akavuta pumzi. "Pole, mwanangu. Mimi mwenyewe ningependa kukusaidia. Lakini maelezo yapo, tena yameandikwa vizuri, na rufaa inataka sababu." Akaanza kupanga karatasi zake. Binti akainyoosha fimbo yake, pingili kwa pingili, taratibu, kama mtu anayefunga mizigo ya kuondoka kabisa.

"Hakuyasikia hayo," alisema Bwana Mabomba.

"Nani?"

"Binti. Maelezo hayo nimeyaandika leo. Hivi punde, baada ya kuongea naye hapo nje."

 Mkuu wa idara akaziacha karatasi. "Na kabla ya leo paliandikwa nini?"

"Anayo kwenye simu. Masomo wanayapakua mwanzo wa muhula. Binti, tafadhali. Isomwe."

"Nimeifuta, mwalimu," binti alisema, na huku anasema akaitia simu ndani ya mkoba na kufunga zipu. Mtoto wa chekechea angejua anadanganya.

Hapo Bwana Mabomba akaelewa kwamba hakuna mashine itakayomsaidia. Alitazama meza, akanong'ona.

"Sikusikii," alisema mkuu wa idara.

Akarudia, safari hii kwa sauti ile ile aliyoitumia darasani. "Niliandika hivi: 'Hafi wala haponi. Nimechoka kumfuta mavi mama huyu. Afe tu, tupumzike wote.' Ndiyo maelezo ya mchoro wa nne. Ndiyo aliyoyapata kabla ya mtihani. Kisha nikamwandikia kwa wino mwekundu kwamba ameua watu."

 Mkuu wa idara alivua miwani akaiweka mezani, akakaa akiikodolea macho kana kwamba ndiyo iliyokosea.

"Na makofi tulikupigia," alisema mwishowe.

"Mlinipigia."

"Ukasema ni kujituma."

 Bwana Mabomba aliinamisha kichwa akaacha aibu ifanye kazi yake. Rufaa ilikubaliwa pale pale. Jibu alilolitoa binti mdomoni liliandikwa na kuhesabiwa kuwa jibu lake la mtihani, na likamvusha. Mkuu wa idara akasema visanduku vyote vitaandikwa upya, na kila kimoja binti atakisikiliza kwanza. Asiporidhika yeye, hakuna cha kijani wala cha njano.

"Tuanze na ule wa pampu, mwalimu," binti alisema akisimama. "Unasema dada yako aje ajaribu. Nilikaa siku nzima najiuliza ajaribu nini." Alisema kwa utani, kumtoa mtu mzima kwenye aibu, na wala haikusaidia. Bwana Mabomba alimfungulia mlango, akaushika mpaka fimbo ilipovuka kizingiti.

Jioni alimkuta dada yake anakunja vitambaa. Dada alisema mama ameshinda vizuri, amekula, amemtukana jirani kwa kupiga muziki. Ulimi ulikuwa umeanza kurudi wiki zile, maneno yakitoka mazito na mafupi lakini yanayoeleweka. Dada akaaga akaenda zake.

Bwana Mabomba alipasha supu, akakaa kwenye kiti kile cha plastiki, akachota kijiko. Mama akameza. Akachota kingine. Mkono ukasimama njiani.

"Una nini?" mama aliuliza.

"Mama, leo nimesema neno baya juu yako. Mbele ya watu." Alitazama bakuli. "Neno lenyewe la siku nyingi. Nililiandika ulipokuwa mgonjwa sana. Nilidhani hakuna atakayelisikia."

"Nalijua."

"Huwezi kulijua, mama. Lilikuwa kwenye kompyuta."

Mama alinyanyua mkono wake mzima, akakionyesha kiti alichokalia mwanawe.

"Uliandika hapo," alisema, neno moja moja. "Wewe ukiandika, unasema. Tangu shule." Alipumzika kidogo, akameza mate kwa shida. "Ulimi ndio ulionigomea. Masikio hayakuwa na shida."

Bwana Mabomba alitaka kupiga magoti. Alitaka kusema nisamehe, na midomo ikacheza, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake haikutoa hata mnong'ono. Jioni zote zile alimgeuza na kumfuta na kumlisha, na mama alikuwa anajua, na kila kijiko kilipokuja aliufungua mdomo.

"Inapoa," mama alisema.

Akaufungua mdomo, upande mmoja umeinama, akangoja. Bwana Mabomba alichota. Supu ikamwagika shukani, akachota tena, na mama akaendelea kungoja.